Mdomo Umeponywa, Kijana Naye Asikilizwe

Mtoto anapozaliwa na mdomo uliopasuka, swali la kwanza la familia huwa ni upasuaji. Utafanyika wapi? Utagharimu kiasi gani? Mtoto ataweza kunyonya? Upasuaji ukishafanyika na kidonda kikapona, wengi huona kwamba kazi imekwisha. Mama hupewa pole na hongera, na kadi ya kliniki huwekwa kabatini.

Miaka 12 baadaye, mtoto yule yuko Gredi ya 7. Mwalimu wa Kiswahili anawaita wanafunzi mmoja mmoja wasome kifungu kwa sauti. Zamu yake inapokaribia, anaomba ruhusa aende msalani. Kipindi kinachofuata anasema tumbo linamuuma. Wiki mbili baadaye hataki kwenda shule kabisa. Nyumbani hakuna anayehusisha tumbo hilo na mdomo, kwa sababu kila mtu anaamini jambo la mdomo lilimalizika alipokuwa mchanga.

Wazazi, walimu na wahudumu wa afya katika vijiji vingi wameona kisa cha namna hii bila kukitambua. Makala haya yanaeleza kinachompata kijana aliyezaliwa na hali hii anapobalehe, jinsi ya kutambua kwamba ameelemewa, na mahali ambapo familia za Kaunti ya Kilifi zinaweza kuanzia kutafuta msaada.

HALI YENYEWE NI IPI?

Uso wa mtoto huumbika mapema sana tumboni. Mdomo wa juu hukamilika kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, na kaakaa, yaani paa la kinywa, huungana kati ya wiki ya 6 na ya 9. Pande mbili zisipokutana sawasawa, hubaki mwanya. Mwanya huo unaweza kuwa kwenye mdomo pekee, kwenye kaakaa pekee, au kuanzia mdomoni, ukapita kwenye ufizi hadi kaakaani. Wakati huo akina mama wengi huwa hawajajua hata kwamba ni wajawazito.

Duniani, inakadiriwa kwamba mtoto 1 kati ya kila 700 huzaliwa na mwanya wa mdomo, wa kaakaa au wa vyote viwili. Mara nyingi hakuna sababu moja inayoweza kutajwa. Urithi wa damu huchangia, na pia uvutaji wa sigara, kisukari ambacho hakijadhibitiwa, na baadhi ya dawa za kifafa zinapotumiwa mwanzoni mwa ujauzito. Mwanamke anayetumia dawa za kifafa asiziache mwenyewe. Azungumze na daktari kabla ya kushika mimba.

Hali hii haisababishwi na laana, wala na jicho la mtu, wala na mama kumcheka mwenye kasoro. Hayo yanahitaji kusemwa wazi, kwa sababu kijana aliyekua akisikia minong'ono kwamba mama yake alikosea mahali hubeba mizigo miwili: kovu lake na aibu ya mama yake.

Hata jina lina uzito. Wengi huiita hali hii "mdomo sungura". Wapo vijana wasiojali, na wapo ambao jina hilo ndilo walilotaniwa nalo tangu darasa la kwanza. Ni salama zaidi kusema "mdomo uliopasuka" au "mwanya wa kaakaa", na kumuuliza kijana mwenyewe anapenda iitweje.

KWA NINI UJANA NI WAKATI MGUMU

Mtoto wa miaka mitano huona kovu lake kama anavyoona goti lake. Akifika miaka 12 au 13, mambo hubadilika. Kila kijana wa umri huo hujitazama sana kwenye kioo na kujilinganisha na wenzake. Anataka kupendeza, na anataka kufanana na kundi. Kwa aliyezaliwa na mwanya, kioo hicho humwonyesha kovu juu ya mdomo, pua iliyolala upande mmoja, au meno yaliyopandana.

Mwili wenyewe nao haukai kimya. Taya la juu la mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa kaakaa wakati mwingine hukua polepole kuliko la chini. Hivyo uso ulioonekana sawa akiwa na miaka minane unaweza kubadilika akiwa na miaka 14, taya la chini likaonekana limetokeza. Mzazi asipoelezwa mapema hudhani upasuaji wa zamani umeharibika. Kijana hudhani ni yeye anayeharibika.

Kisha kuna simu. Picha za darasa hutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wakazikuza na kuandika maneno chini yake. Dhihaka ambayo zamani iliishia kwenye uwanja wa shule sasa humfuata kijana hadi kitandani.

Ukubwani huja maswali ambayo kijana hamuulizi mtu yeyote. Je, nitapendwa? Je, nitaoa au kuolewa? Je, mtoto wangu atazaliwa hivi? Swali hilo la mwisho lina jibu. Mzazi mmoja akiwa alizaliwa na mwanya ambao haukuambatana na ugonjwa mwingine wa kurithi, kwa kawaida watoto kati ya 2 na 5 katika kila 100 ndio huzaliwa nao. Kwa maneno mengine, zaidi ya 90 kati ya 100 huzaliwa bila mwanya. Kuna vijana wanaojinyima matumaini ya kuwa na familia kwa sababu tu hakuna aliyewapa takwimu hiyo.

UKUBWA WA KOVU SI KIPIMO CHA MAUMIVU

Watafiti wanaoshughulikia maisha ya watu wenye nyuso zilizo tofauti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha West of England mjini Bristol, Uingereza, wamebaini jambo linalowashangaza wengi: ukubwa wa kovu hautabiri ukubwa wa maumivu ya moyoni. Kijana mwenye alama inayoonekana kwa mbali anaweza kuwa mchangamfu, mwenye marafiki tele. Mwingine, ambaye daktari anasema upasuaji wake ulifanikiwa vizuri sana, anaweza kuwa anafunika mdomo kwa mkono kila anapocheka.

Kinacholeta tofauti zaidi ni namna kijana mwenyewe anavyoiona hali yake, kama ana rafiki wa kweli, kama familia humsikiliza, na kama anadhihakiwa au la. Ndiyo maana kauli kama "lakini halionekani hata!" au "wewe mbona umepona?" haisaidii, ijapokuwa hutolewa kwa nia njema. Humwambia kijana kwamba anachohisi hakipo, na kesho hatasema tena.

Ni haki pia kusema upande wa pili. Vijana wengi waliozaliwa na hali hii hukua vizuri, wakasoma, wakafanya kazi na kulea familia. Hawapaswi kuonewa huruma kana kwamba wameshindwa tayari. Kinachotakiwa ni kuwatambua mapema wale walioelemewa.

SAUTI NAYO HUUMIZA

Wengi hufikiria uso pekee, wakasahau sauti. Kaakaa ndilo linaloziba njia ya pua mtu anapotamka. Lisipofunga vizuri hata baada ya upasuaji, hewa hutoroka kupitia puani. Sauti kama b, d na g hupoteza nguvu. "Baba" linaweza kusikika kama "mama", na "dada" likasikika kama "nana". Maneno yenye m na n hayasumbui, kwa kuwa sauti hizo hutoka puani kwa kila mtu.

Kijana anayejua hivyo huchagua maneno kwa uangalifu, hujibu kwa kichwa, au hunyamaza. Mwalimu huandika kwenye ripoti kwamba ni mpole na hashiriki darasani.

Masikio pia yahitaji kuangaliwa. Watoto waliozaliwa na mwanya wa kaakaa hupata mara kwa mara majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, na wengine hubaki na usikivu hafifu. Mwanafunzi anayeonekana mkaidi kwa kutotii maagizo huenda hakuyasikia. Kabla ya kumwadhibu, apimwe masikio.

DALILI ZA KUTAZAMA

Kijana aliyeelemewa hasemi "nina msongo wa mawazo". Huonyesha kwa vitendo. Wazazi na walimu watazame haya:

- Kuumwa na tumbo au kichwa siku za shule, hasa siku za kusoma kwa sauti au kutoa hotuba.
- Kukataa kupigwa picha, kufunika mdomo, au kuvaa barakoa wakati wote bila sababu ya kiafya.
- Kuacha ghafla mambo aliyoyapenda, kama vile kwaya, mpira au madrasa.
- Kula peke yake, au kutokula mbele ya watu.
- Alama za masomo kushuka, usingizi kuvurugika, hasira za mara kwa mara.
- Kusema kwamba yeye ni mzigo, kwamba ni bora asingezaliwa, au kujiumiza mwilini.

Dalili ya mwisho haingoji. Wazazi wengi huogopa kumuuliza mtoto kama anafikiria kujiua, wakidhani watampandikizia wazo hilo. Ukweli ni kwamba kuuliza kwa upole na waziwazi hakumtii mtoto wazo hilo kichwani. Humfungulia mlango wa kuzungumza. Familia nyingine hunyamaza kwa kuogopa polisi. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kijana aliyefikia hapo anahitaji matibabu, na mahali pa kumpeleka ni hospitali.

NYUMBANI: MWAMBIENI HADITHI YAKE

Kuna vijana wanaofika miaka 15 bila kujua walifanyiwa nini. Wazazi walinyamaza wakitaka kuwalinda. Lakini mtoto asiyeambiwa hujibuniwa hadithi na majirani.

Mweleze mapema, kwa maneno ya umri wake, na urudie kadiri anavyokua. Mwambie alizaliwaje, alifanyiwa upasuaji wapi, nani alimbeba kumpeleka. Ikiwa kuna picha za utotoni kabla ya upasuaji, zisichomwe wala zisifichwe. Akitaka kuziona, azione akiwa na mtu anayempenda.

Asiondolewe kwenye kazi na majukumu ya nyumbani. Mama anayemtuma ndugu mdogo dukani kila siku ili mkubwa asichekwe, anamfundisha mkubwa kwamba nje si mahali pake. Vilevile wageni wasifichwe yeye, na arusi na misiba asiachwe nyuma.

Babu, bibi, shangazi na wajomba wana nafasi kubwa hapa. Kijana anayeshindwa kumwambia baba yake huenda akamwambia bibi. Bibi asikimbilie kutoa mawaidha. Kwanza asikilize mpaka mwisho.

JIBU LA KUJIANDALIA

Watu huuliza, na wengine hukodoa macho. Kijana hawezi kuwazuia wote, ila anaweza kuwa na jibu tayari. Mashirika yanayowasaidia watu wenye nyuso zilizo tofauti hufundisha hatua tatu: eleza kwa ufupi, mtoe mwenzako wasiwasi, kisha ubadilishe mazungumzo. Kwa mfano:

"Nilizaliwa mdomo ukiwa na mwanya, nikashonwa. Siumwi na chochote. Wewe unatoka mtaa gani?"

Sentensi hizo tatu zinaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani, ndugu mmoja akiigiza mgeni. Mara ya kwanza huwa ngumu. Mara ya kumi kijana hugundua kwamba ni yeye anayeongoza mazungumzo. Na siku ambayo hataki kueleza, ana haki ya kusema: "Leo sitaki kuzungumzia hilo."

SHULENI

Mwalimu hahitaji shahada ya saikolojia ili kubadilisha siku ya mwanafunzi. Azungumze naye faraghani, amuulize angependa kushiriki vipi. Wengine huomba kusoma kifungu kifupi, wengine kumsomea mwalimu pekee kwanza, wengine hawataki upendeleo wowote. Kumwondoa kabisa kwenye zamu bila kumuuliza ni kumtangaza mbele ya darasa.

Majina ya dhihaka yazuiwe siku ya kwanza yanapotamkwa, na yazuiwe na mtu mzima. Kumwambia anayechekwa "usiwajali" ni kumwachia yeye kazi ya mwalimu. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma na kutendewa kikatili, na ulinzi huo hauishii kwenye lango la shule.

Wanafunzi wenzake nao wana kazi ndogo na rahisi: kukaa naye, kumngoja amalize sentensi, na kutosambaza picha. Rafiki mmoja wa kweli ni kinga kubwa.

UPASUAJI ZAIDI? KIJANA AULIZWE

Matibabu ya mwanya hayaishii kwenye mshono wa kwanza. Mdomo kwa kawaida hushonwa katika miezi ya kwanza ya maisha, na kaakaa kabla ya mtoto kufikisha mwaka mmoja na nusu. Wapo wanaohitaji kupandikizwa mfupa kwenye ufizi kati ya miaka 8 na 11 hivi, kisha kupangwa meno. Upasuaji wa taya hungoja ukuaji ukamilike, mara nyingi mwishoni mwa ujana. Marekebisho ya pua na ya kovu yanaweza pia kufanywa. Matamshi yanaweza kuboreshwa na mtaalamu wa tiba ya usemi, na wakati mwingine kwa upasuaji mwingine wa kaakaa.

Upasuaji wa uchangani uliamuliwa na wazazi, kama ilivyopaswa. Wa ujanani ni tofauti. Kijana aelezwe faida, maumivu, muda wa kupona na kile ambacho upasuaji hauwezi kuleta. Kovu linaweza kupunguzwa, lakini haliwezi kufutwa kabisa. Mwenye matumaini kwamba ataamka na uso mwingine, na marafiki wapya juu yake, anaweza kuumia zaidi baada ya upasuaji uliofanikiwa. Kuna pia asiyetaka kukatwa tena, akasema uso huu ni wangu. Naye asikilizwe.

Madaktari wenyewe wamelitambua hilo. Kuna dodoso la kimataifa liitwalo CLEFT-Q, lililotengenezwa kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 8 hadi 29. Humuuliza mgonjwa mwenyewe anavyouona uso wake, usemi wake, na maisha yake shuleni na miongoni mwa wenzake. Badala ya daktari kutazama mshono na kusema "vizuri", mwenye uso ndiye anayejibu.

PA KUANZIA

Hatua ya kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mhamasishaji wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chako. Mweleze kwamba kijana alizaliwa na mwanya na kwamba sasa kuna tatizo la usemi, meno, masikio au mawazo. Omba barua ya rufaa. Kulingana na hitaji, rufaa inaweza kuwa kwenda hospitali za kaunti zilizoko Kilifi, Malindi au Mariakani, au mbele zaidi hadi hospitali kubwa ya rufaa ya Pwani mjini Mombasa au Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi.

Familia ihakikishe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Kwa upasuaji wenyewe, mashirika kama Smile Train na Operation Smile hugharamia matibabu ya mwanya bila malipo kwa mgonjwa, kwa kushirikiana na hospitali zilizoko nchini. Umri haufungi mlango. Kijana au mtu mzima ambaye hakuwahi kushonwa bado anaweza kutibiwa. Uliza hospitalini kuhusu ratiba.

Unapokwenda kliniki, usimsemee kijana kila kitu. Mwache aingie, ajibu mwenyewe, na apate dakika chache na mhudumu bila mzazi.

Kwa mtoto anayedhulumiwa au anayehitaji mtu wa kuzungumza naye, nambari ya 116 ya Childline Kenya hupigwa bila malipo, mchana na usiku. Nambari ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa pia ushauri nasaha bila malipo. Akitishia kujidhuru, usimwache peke yake. Ondoa dawa za kuulia wadudu na vitu vyenye ncha kali, umpeleke hospitali mara moja.

Na kama hujui uanzie wapi leo, anza na swali moja jioni, mkiwa jikoni au njiani kutoka kisimani, mahali ambapo si lazima mtazamane: "Siku hizi shuleni wanakuchukuliaje?" Kisha nyamaza, umngoje ajibu. Hata kama ni kwa neno moja, mmeshaanza.